Miezi Mitano Katika Karakana ya Qingdao

Ndugu mhariri ameniomba niandike habari za safari yangu ya masomo ng'ambo, ili vijana waliopo shuleni leo wapate kujua tulivyosafiri sisi wa zamani. Nimekubali, ingawa nimechelewa miaka mingi, kwa sababu mwisho wa habari hii haunipi sifa. Lakini mvi zimeshajaa kichwani, na wale tuliolala bweni moja wanapungua kila mwaka. Mwenye habari asipoisema, huzikwa nayo.

Nianze na kengele. Kila aliyepita shule yetu anaikumbuka: kipande cha reli chenye urefu wa mkono mmoja, kimening'inizwa kwa waya katika mwembe ulio mbele ya ofisi, kikigongwa kwa bolti kubwa. Kilituamsha kwenda mchakamchaka, kikatuita kwenye uji, kikatulaza. Ubavuni mwake palikuwa na maandishi yaliyotokeza, maneno ya Kijerumani na mwaka 1909. Sisi tuliokuwa zamu ya kugonga tuliyapapasa kwa vidole alfajiri, kungali giza, bila kujiuliza yametoka wapi. Nilikuja kujiuliza nikiwa mbali sana na mwembe ule.

RELI YA UHURU

Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1971. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya reli moja tu. Ninyi vijana mnaijua kwa jina la TAZARA. Sisi tuliiita Reli ya Uhuru, na jina hilo halikuwa pambo. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe ili wazidi kuwatawala Waafrika walio wengi. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikipitisha shaba yake humo humo Rhodesia. Ilikuwa kama mtu ambaye njia ya kutokea nyumbani kwake inapita katika ua wa adui yake. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walipiga hodi kwa nchi za Magharibi na kwa Benki ya Dunia, wasaidiwe kujenga reli ya kufika Dar es Salaam. Wakajibiwa kwamba reli hiyo haitaleta faida. China, ambayo siku zile yenyewe ilikuwa nchi maskini, ikakubali. Mkataba ulitiwa sahihi Peking tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na urefu wa njia ni kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Lakini kujenga reli ni jambo moja, na kuiendesha ni jingine. Injini haijui hotuba; inataka mafuta, vipuri na fundi. Kwa hiyo mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Peking, mji ambao siku hizi huitwa Beijing, kusoma katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, chuo cha mambo ya reli. Mimi, mtoto wa mkulima, niliyekuwa sijapata kupanda hata ngazi za ghorofa, nilikuwa mmoja wao. Mama alinifungia karanga katika kitambaa, akaniuliza kama huko niendako yuko mtu anayejua kusonga ugali. Nikamjibu kwamba huko kuna watu zaidi ya milioni mia nane, hawezi kukosekana mmoja. Alicheka, kisha akalia.

Peking tulianza na lugha, tukaingia kwenye hesabu na michoro ya mashine. Tulijifunza kula kwa vijiti, kuvaa makoti mazito ya pamba, na kuvuka barabara iliyojaa baiskeli kama siafu. Wachina waliitana tongzhi. Sisi nyumbani tuliitana ndugu. Na maana ilikuwa ile ile. Haya yote nayapita haraka, maana wengi wameyaeleza. Ninayotaka kueleza ni ya mji mwingine.

MJI WENYE MAPAA MEKUNDU

Mwezi Septemba 1974 ilifika zamu ya mafunzo ya vitendo. Darasa liligawanywa, na kikundi chetu kidogo, Watanzania na Wazambia, kikatumwa Qingdao, mji wa bandari katika jimbo la Shandong. Huko ndiko ilikokuwa karakana ya Sifang, iliyounda injini za dizeli za reli yetu. Tulisafiri kwa treni usiku kucha, tukiwa tumekaa juu ya mabegi yetu na kunywa maji ya moto kama wenyeji.

Tuliposhuka nilisimama mlangoni mwa stesheni nikashangaa. Peking ilikuwa mji wa kuta za kijivu. Hapa palikuwa na mnara wa saa, mapaa ya vigae vyekundu, kuta za mawe mazito, na nyuma yake bahari. Mwenzangu mmoja, kijana wa Ilala, alinishika mkono akasema, "Ndugu, tumerudishwa Dar es Salaam?" Hakuwa akitania sana. Nyumba zile zilifanana na za kwetu za ufukweni, zile za karibu na kanisa la Azania, kama watoto wa baba mmoja. Nikamwuliza mkalimani nani aliyejenga. Akajibu, "Wajerumani."

Wakati ule ndipo nilipoikumbuka kengele ya shule yetu.

Wajerumani waliiteka ghuba ya Qingdao mwaka 1897, na mwaka uliofuata wakailazimisha serikali ya China kuwakodisha kwa miaka 99. Wakati huo huo walikuwa wakitutawala sisi. Mwaka 1899 walianza kujenga reli toka Qingdao kwenda Jinan, wakaimaliza 1904. Karakana ya Sifang waliianzisha mwaka 1900 kwa ajili ya reli hiyo. Mwaka 1905 walianza Reli ya Kati pale Dar es Salaam, ikafika Kigoma 1914. Huko Shandong, wanakijiji wa Gaomi waliona tuta la reli linazuia maji na kugharikisha mashamba yao. Walipopinga, mwaka 1899 na 1900, walipigwa risasi. Kwetu, mwaka ule ule wa 1905, wananchi wa kusini waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu walianza Vita vya Maji Maji. Waliotutawala walikuwa wale wale, nasi na Wachina hatukujuana.

Hata mwisho wa utawala huo ulikuja pamoja. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Wajerumani waliwashinda Waingereza pale Tanga. Siku chache baadaye, tarehe 7 Novemba, waliitoa Qingdao kwa Wajapani. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, wakubwa walikaa Ufaransa kugawana nyara. Tanganyika ikakabidhiwa Waingereza, na haki za Wajerumani katika Shandong wakapewa Wajapani. Sisi hatukuulizwa. Wachina nao hawakusikilizwa, wanafunzi wao wakaingia mitaani Peking tarehe 4 Mei 1919. Qingdao ilirudishwa kwa China mwaka 1922, ikatekwa tena na Wajapani toka 1938 hadi 1945.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila ya hayo hamtamwelewa mtu ninayetaka kumtaja.

SHIFU

Kila mmoja wetu alikabidhiwa kwa fundi mmoja. Wa kwangu alikuwa mzee mfupi, mwenye vidole vilivyokatika ncha viwili. Tulimwita Shifu, yaani fundi mkuu anayefundisha wengine, kama sisi tunavyosema "Fundi" na jina lenyewe likasahaulika.

Shifu aliingia karakana ile akiwa mtoto, wakati wa Wajapani. Aliniambia kwamba kazi yake ilikuwa kufagia na kushika taa. Msimamizi alipofungua mchoro wa mashine mezani, Mchina akikaribia aliukunja. Mtu angeweza kukaza bolti zile zile miaka kumi asijue zimeshika nini. Kwa miaka hamsini karakana ile ilikusanya na kutengeneza injini zilizobuniwa na wengine. Halafu, mwaka 1952, mafundi wale wale waliokunjiwa michoro waliunda injini ya mvuke kwa mikono yao, ya kwanza kutengenezwa katika China mpya. Shifu alikuwemo. Alipoisimulia habari hiyo hakutaja maneno makubwa, alinyoosha tu vidole vyake vilivyokatika akasema, "Viwili niliviacha ndani yake."

Kwa hiyo Shifu hakukunja mchoro hata siku moja. Kila jioni baada ya kazi alichora kwa chaki sakafuni: hapa mafuta yanaingia, hapa yanasukuma, hapa yanarudi. Injini zetu hazikutumia umeme kuzungusha magurudumu; nguvu ya dizeli ilipitishwa katika mafuta ndani ya giaboksi kubwa. Mimi nilinakili yote katika daftari la jalada jekundu. Nisipoelewa, alifuta kwa mguu na kuchora upya.

Jambo moja dogo lilitufanya tuwe ndugu. Sisi wageni tulipewa chakula cha heshima: wali, mikate myeupe ya mvuke, na nyama mara kwa mara. Wenyeji walikula kwa kadi za mgao, na sehemu kubwa ya mgao ule ilikuwa nafaka duni. Siku moja nilimkuta Shifu amejificha nyuma ya stoo akila kitu cha manjano. Alikificha haraka. Ulikuwa mkate wa unga wa mahindi! Miaka miwili sikuwa nimeyaonja. Nikamwomba tubadilishane, mkate wangu mweupe kwa wake. Alidhani namdhihaki. Nilipoula wote na kulamba vidole, alicheka hadi akakohoa, na tangu siku hiyo tulikuwa tukibadilishana. Nikamwandikia mama barua kwamba mtu wa kusonga amepatikana, ila hajui kupika mlenda.

WASHA MOJA

Mwezi Desemba baridi ilikuwa kali hata spana ikishika kwenye ngozi. Tulikuwa tukifunga giaboksi ya injini iliyokuwa ya kwenda kwetu. Sheria ya Shifu ilikuwa moja: kila kifaa kihesabiwe kwenye sinia kabla ya kazi, na sinia liwe tupu mwisho wa kazi. Jioni ile nilikuwa peke yangu, nikikaza mfuniko. Nilipofika bolti ya mwisho, washa yake haikuwepo. Nilitazama chini, nikatazama mfukoni, sikuiona. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na chakula kilikuwa kikingoja. Nikachukua washa nyingine katika sanduku, nikakaza, nikatia sahihi kwenye kadi ya kazi.

Usiku sikulala. Kama washa ile ilikuwa ndani ya giaboksi, siku moja ingeingia katikati ya meno. Nilizifikiria habari tulizopewa za njia kati ya Mlimba na Makambako, milima, mahandaki na madaraja marefu kwenda juu. Nikaiona injini imekufa handakini, na mabehewa yamejaa watu.

Asubuhi nilimwambia. Injini ilikuwa itoke siku ile kwenda kujaribiwa. Shifu hakusema neno. Aliwasha sigara, akaivuta nusu, akaizima na kuitia mfukoni, kisha akawaita mafundi wanne. Walimwaga mafuta yote, wakafungua mfuniko, wakatoa gia moja moja na kuziosha kwa mafuta ya taa, mikono mitupu, katika baridi ile. Kazi iliendelea mpaka saa nane za usiku. Washa haikuonekana.

Asubuhi mfagiaji aliileta. Ilikuwa imekwama katika wavu wa mfereji sakafuni, hatua tatu toka pale nilipokuwa nimesimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Watu watano walikesha kwa kosa ambalo halikuwepo! Nilianza kuomba radhi, nikatafuta maneno ya Kichina nikayakosa. Shifu aliichukua washa, akaiweka kwenye sinia. Akasema, "Jana hatukujua. Leo tunajua." Wakaanza kuifunga upya.

Nimepata elimu nyingi maishani, lakini sijapata somo lililozidi hilo.

Tuliagana Februari 1975. Kituoni Shifu hakunipa zawadi wala hotuba. Aliligusa daftari langu lililokuwa kwapani, akaniuliza, "Wewe utamfundisha nani?" Nikamjibu kwa majivuno ya ujana, "Wengi."

NILIVYOLIKUNJA DAFTARI

Reli ilikamilika Juni 1975, nasi tukarudi nyumbani mwaka huo. Tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali zetu mbili. Nilipangiwa karakana, na nikaweza kazi. Injini iliposhindikana niliitwa mimi, hata usiku wa manane. Ndugu zangu, kuitwa kuna utamu wake.

Alikuwepo kijana mmoja mwanagenzi, mwepesi wa akili kuliko nilivyokuwa mimi. Aliniomba daftari alinakili. Nikamwambia kesho. Aliomba tena, nikamwambia lina maandishi ya Kichina, hataelewa. Aliomba mara ya tatu, nikalitia katika droo na kufunga kwa ufunguo. Hakuna aliyeniamuru kufanya hivyo. Niliogopa tu kwamba siku atakayojua yeye, sitaitwa tena mimi. Mwaka 1981 nilipata kazi ya mezani katika kampuni moja ya mjini, mshahara mara mbili na nyumba. Nikaondoka na daftari langu. Kijana yule sikumfundisha, wala mwingine yeyote.

Sisemi kwamba reli ilidhoofika kwa ajili ya daftari moja. Mengi yaliipata. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi huko Zambia. Baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980, njia za kusini zilifunguka tena kwa shaba. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa adimu, na malori yalizidi barabarani. Reli iliyobeba tani zaidi ya milioni 1 katika mwaka 1986, katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Mwaka 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa miaka 30 wa kuifufua, kampuni ya Kichina ikiweka mtaji wa dola bilioni 1.4. Nilifurahi kusikia. Lakini usiku ule nilimkumbuka msimamizi wa Kijapani aliyekunja mchoro. Yeye alimkunjia mtu wa nchi aliyoiteka. Mimi nilimkunjia ndugu yangu.

KWA VIJANA

Tangu mwaka 2024 mnapanda treni ya umeme toka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ambayo sisi tulilala njiani. Baadhi yenu mtatumwa ng'ambo kwa mafunzo ya vitendo, kama nilivyotumwa. Mtakapofika mji mgeni, ulizeni nani aliyeujenga na kwa ajili ya nani. Huenda mkakuta habari za kwenu zimeandikwa ukutani. Kula kwa mwenyeji kusiwaonee haya, naye asiwaonee haya. Mkikosea, semeni kabla injini haijatoka. Na mkirudi, msiwe na haraka ya meza.

Nasikia shuleni siku hizi kuna kengele ya umeme, lakini kile kipande cha reli bado kipo mwembeni. Nendeni mkakipapase. Kililetwa na watu waliotujengea reli bila kutuonyesha mchoro wake. Waliokuja baadaye na reli ya pili walitufungulia mchoro, na wengine wetu tukaufungia katika droo.

Siku ya mkutano wetu wa mwaka huu nitakuja na daftari lile la jalada jekundu, nilikabidhi kwa maktaba ya shule. Injini zilizochorwa humo ni za zamani, lakini mafuta bado yanapita vile vile na bolti bado zinahesabiwa vile vile. Nimemwomba Mwalimu Mkuu lisifungiwe kabatini. Mwenye kutaka kunakili, anakili. Asiombe ruhusa.